Kiti cha Gusheshe

Mimi mdomo wangu hauna pazia, mtaa wetu wote wa Kagiso unajua. Lakini siri ya Keneilwe niliitunza miaka minne, na ilinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Keneilwe ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mfupi, mpole, mpishi wa shule ya msingi, mtu wa kuwapikia ugali watoto mia nne bila kupandisha sauti. Mwenye jina alikuwa mumewe, Rapelang. Alikuwa na gusheshe, ndivyo tunavyoliita lile gari la Kijerumani la umbo la boksi. Jekundu. Kila Jumapili alilizungusha palepale uwanjani kama pia, moshi wa matairi ukiziba jua, mpaka matairi yapasuke na watu wazima warukeruke. Kisha mwamba wa mgodini ukamponda mguu, na klachi hakuikanyaga tena. Watu wakadhani gari limelala.

Thubutu! Kila Jumatano mchana, nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi, mke alizungusha, mume akimfundisha kutoka kiti cha pili. Mimi nilisimama njiani kulinda. Hawakutaka ukoo ujue, maana maneno yangekuwa mengi, na walipanga kuushangaza mtaa kwenye onyesho la Desemba. Rapelang akafa Oktoba.

Mwaka mzima Keneilwe alivaa nguo nyeusi. Mjane kwetu haendeshi gari wala hakai penye shangwe. Jumapili aliwasha injini tu, ndani ya uzio, akaisikiliza, akaizima. Niliisikia nikiwa nakanda unga wangu wa maandazi, na nililia, sioni haya kusema.

Siku ya kumvua nguo nyeusi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi wakazichoma, wakamvisha gauni jipya la buluu. Tukala supu ya matumbo, pombe ya mtama ikazunguka. Hata bakuli hazijaondolewa, Tshepang, mdogo wake marehemu, akasimama. Yule bwana ana kiherehere! Akasema gusheshe ni la ukoo, sasa limhamie mwanamume, yaani yeye. Keneilwe akainama. Mtoto hawakujaliwa, na kwa mumewe hakubakiwa na kitu kingine ila lile gari. Niliona vidole vyake vikivuta pindo la gauni, nikataka kumrukia mtu.

"Shemeji atalifanyia nini?" akasema Tshepang. "Gusheshe si la kwendea sokoni. Linazungushwa."

Dada yao mkubwa, Nthabiseng, ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani pale. Alikuwa anatafuna mfupa taratibu. Akauweka chini, akajifuta mikono.

"Haya. Atakayelizungusha hapo barabarani mpaka tairi lipasuke, ni lake."

Tshepang akapokea ufunguo, akakunja mikono ya shati kwa mbwembwe. Akafungua mlango, akaingia, akakwama. Magoti yamegota chini ya usukani, tumbo limebanwa. Akavuta kiti kirudi nyuma, hakikurudi. Akavuta tena, jasho likamtoka. Watu wakaanza kucheka chinichini. Mimi nilicheka waziwazi.

"Nani kakikaza kiti hiki kwa nati?" akafoka.

Keneilwe akainua kichwa.

"Kaka yako, shemeji. Alinipima miguu kwa utepe wa fundi cherehani."

Tshepang akadai aletewe spana. Nthabiseng akamtazama, akamwambia atoke, ampishe mwenye kiti.

Keneilwe akavua viatu. Tukaondoa viti barabarani, tukawasogeza watu kwenye kuta. Akatoka getini polepole, kama mtu anayekwenda kanisani, kisha akakata usukani akakanyaga mafuta. Jamani! Gari likajizungusha palepale, mkia ukifagia lami, moshi mweupe ukaficha nyumba yangu. Ndani ya moshi nikaona buluu. Alikuwa amejitoa dirishani, ameketi juu ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu hewani, vilevile alivyofanya Rapelang. Nikapiga kelele jina lake mpaka sauti ikakauka.

Tairi likapasuka, paa! Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele, na Nthabiseng, mwanamke wa miaka sabini, alikuwa anacheza ngoma, ule mfupa wake tena mkononi.

Gari likarudi getini likichechemea. Tshepang alikuwa amesimama peke yake. Nilidhani ataondoka. Akaenda nyuma ya gari, akachukua jeki na tairi la akiba, akapiga magoti kwenye vumbi, akabadilisha bila kuambiwa. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ndogo kama Jumapili anaweza kupanda naye, upande wa pili.

Keneilwe akanyoosha mkono, akamfungulia mlango.

"Kaa, shemeji. Kiti hicho kinarudi nyuma mpaka mwisho. Kaka yako alihitaji nafasi ya mguu."