Alhamisi kwenye maganda

Nilipika katika bweni la wasichana Muleba miaka mingi, na matroni aliyenisaidia kuliko wote alikuwa na umri wa kitindamimba wangu. Alipofika alisema kila Alhamisi baada ya chai ataongea na kila mfanyakazi peke yake. Mimi nilivyozoea, ukiitwa ofisini peke yako unapewa barua ya kuondoka. Alhamisi ya kwanza nilikwenda na mfuko wangu, nguo zote ndani.

"Mama, kazi inakwendaje?"

"Nzuri."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna."

Alhamisi tatu zikaenda hivyo. Nilikuwa namdanganya. Macho yangu yalikuwa yameingia ukungu tangu masika, na mpishi asiyeona anarudishwa kwa watoto wake kukaa kwenye mkeka na kuletewa sahani. Sikutaka sahani ya kuletewa.

Kisha nikaharibu. Mchuuzi alileta mikungu ya kila aina kwenye gari lake, nami nikachagua, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikachagua ndizi za pombe nikazipika na maharage. Zilikuwa chungu, wasichana wakaacha sahani zimejaa. Mwanamke wa Kihaya, mjukuu wa migombani, hajui ndizi ya kupika. Nikamsingizia mchuuzi.

Alhamisi iliyofuata sikuitwa ofisini. Matroni alikuja jikoni na kisu chake, akaketi chini.

"Leo tuongelee hapa."

"Hapa kwenye maganda?"

"Hapa hapa."

Akaanza kumenya. Nilisikia kisu kinavyochimba, nikavumilia ndizi mbili.

"Mwanangu, unamenya au unachonga mpini wa jembe?"

Akacheka. "Nifundishe basi, waitu," akasihi kwa Kihaya.

Nikamshika mkono nikamwonyesha. Tukamenya. Ukimenya, macho yako kwenye kisu na ya mwenzako kwenye kisu chake, hakuna anayekukodolea. Utomvu ulikuwa umeshaganda vidoleni aliposema taratibu, "Zile ndizi za juzi."

"Mchuuzi alitudanganya," nikasema.

Akachukua ndizi nyingine. Nami nikaona aibu.

"Hakutudanganya. Sioni."

"Tangu lini?"

"Masika."

"Nimekuuliza Alhamisi tatu, Mama."

"Uliniuliza nikiwa kwenye kiti kile cha ofisini. Mimi nikikaa pale nasubiri barua."

Aliweka kisu chini. Nikajua sasa barua inakuja. Akasema mikungu itachaguliwa na mpishi mwenzangu, mimi nimenye, maana mikono yangu inaona. Na wiki ijayo twende Bukoba kwa daktari wa macho, yeye na mimi.

Tulikwenda. Ukungu ule ulikuwa mtoto wa jicho. Nilipasuliwa, nikalala kwa binti yangu anayeishi Hamugembe, pale pale Bukoba, mpaka daktari aliponiruhusu kurudi kazini. Sikumshukuru matroni wakati ule kama ilivyopasa. Sina mdomo wa kushukuru. Ndiyo maana naandika hapa. Angeweza kuniondoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliketi chini na kisu, akasubiri niseme mwenyewe.

Alhamisi yangu ya kwanza baada ya kurudi alikuja jikoni, akaketi palepale, akamenya.

"Mama, kuna kinachokusumbua?"

"Kipo."

Akasimamisha kisu. "Kipi?"

"Maganda yako. Sasa nayaona."