Cheni Iliyofunga Banda la Kuku

Fundi Ndalahwa alianza kukasirika kabla mteja wake, Ogweno, hajashuka kwenye pikipiki iliyomleta, kwa sababu alikuwa ameuona mfuko mweusi mkononi mwake.

"Cheni hiyo, ngosha," Ogweno alisema, akimwita 'mwanamume' kwa Kisukuma na kuutupa mfuko juu ya benchi. "Mpya kabisa. Funga, jioni napakia dagaa sokoni Mwaloni."

"Ile ya zamani niliyoitoa kwenye gari lako iko wapi?"

"Ya zamani ya nini? Si mbovu?"

"Nimeuliza iko wapi!"

"Nyumbani kwangu. Ni mali yangu ile."

Mafundi wengine katika gereji ile ya Igogo waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha tena. Walikuwa wamemzoea Ndalahwa. Lakini hasira yake ilikuwa na sababu, na ni sababu inayotuhusu sote tunaomiliki gari au tunaotamani kulimiliki. Hapa kwetu mteja hamwamini fundi. Hununua spea mwenyewe, na iliyochakaa huichukua nyumbani, akiogopa kwamba fundi ataiuza au ataisafisha na kuirudisha kwenye injini. Kweli, wapo mafundi walioiba. Lakini kwa ajili yao fundi mwaminifu hunyang'anywa kipimo chake, yaani spea ya zamani ya kulinganishia, kisha injini ikifa anaulizwa yeye.

Ndalahwa aliwahi kuulizwa. Alipokuwa gereji nyingine, huko Kirumba, alifunga cheni iliyoletwa na mteja, injini ikaunguruma kidogo tu, valvu zikapinda. Aliitwa mwizi mbele ya watu, akafukuzwa. Alexander, mwenye gereji ya Igogo, alimpokea kwa sharti moja: injini ikifa mikononi mwake, atafute pa kwenda. Ana watoto wanaosoma, na hana ufundi mwingine.

Alifungua boksi. Cheni ya taimingi huunganisha krenki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na shafti ya juu inayofungua valvu. Ikiwa sahihi, viungo vyake vichache vilivyotiwa rangi hukaa juu ya nukta zilizochongwa kwenye gia. Ikiwa si sahihi, valvu hufunguka wakati pistoni inapanda, na chuma hugonga chuma.

Ndalahwa alilinganisha nukta za gia, akavisha cheni, akakifunga kikaza kinachoizuia isilegee. Kikaza kilitoka hadi mwisho wake. Kiungo cha rangi kilipita nukta.

"Si yenyewe," alisema. "Ni ndefu."

"Imeingia au haijaingia?"

"Imeingia. Hata mguu wako unaingia kwenye kiatu changu."

Ogweno alicheka kwa dharau. "Ngosha, wewe fundi au mchunga ng'ombe? Muuzaji kaniambia ni ya Noah. Gari langu si Noah?"

"Noah zina injini tofauti! Wewe dagaa unanunua kwa macho? Si unapimiwa kwa ndoo? Basi na mimi ndoo yangu umeifungia nyumbani!"

Alexander akatoka ofisini. "Ndalahwa, mteja ana haraka. Mfungie, awashe, aende."

"Ikifa?"

Alexander akatazama pembeni. "Wewe si ndiye fundi?"

Ndalahwa akachukua spana ndefu, akaiweka kwenye boliti ya krenki, akamkabidhi Ogweno mpini. "Ufunguo siwashi. Zungusha mwenyewe, kwa mkono wako. Taratibu."

Ogweno akaushika mpini kama mtu anayetaka kumaliza ubishi. Akavuta. Cheni ikalegea upande mmoja, ikaruka meno, ka-ka! Akavuta tena. Spana ikagoma. Akavuta zaidi, mshtuko ukampanda mkono hadi begani.

"Acha!" Ndalahwa alipiga kelele. "Umeisikia? Hiyo ni pistoni imeikuta valvu. Ungewasha, ungenunua injini nyingine, na mimi ningekuwa barabarani. Nirudishie cheni yangu ya kupimia!"

Ogweno hakuomba radhi. Alipiga simu. Baada ya muda mkewe, Ayoo, aliingia gerejini na cheni nyeusi mkononi, kufuli bado inaning'inia.

"Baba Princess, hii ndiyo ya kufungia kuku! Kuku wote wako kwa majirani sasa hivi, nani atawafukuza?"

Mafundi wakaangua kicheko. Ndalahwa hakucheka. Alitoa kufuli, akaivua na ile mpya kwenye injini, akaning'iniza cheni mbili kwenye msumari mmoja. Ya zamani ilikuwa imetanuka kwa kuchakaa, na bado ile mpya iliishinda kwa urefu. Kisha akazivaa zote shingoni, grisi ikimchafua shati, akaenda dukani kwa miguu huku Ogweno akimfuata nyuma. Muuzaji alipozilaza kwenye kaunta alisema tu, "Huyu aliniambia Noah. Hakuniambia injini gani," akatoa boksi jingine.

Safari hii viungo vya rangi vilitua juu ya nukta, na kikaza kilitoka kidogo tu. Ndalahwa alizungusha krenki kwa mkono, akarudia, kisha akamlazimisha Ogweno naye azungushe. Mpini ulienda bila kugoma. Walipofunga mifuniko na kuwasha, injini iliunguruma sawasawa.

"Umeona, yameisha," Alexander alisema.

"Hayajaisha! Ingekufa ungemfukuza nani? Yeye?" Ndalahwa alimnyooshea Ogweno kidole. "Kuanzia leo spea ya zamani inalala hapa kwenye benchi mpaka gari liwake. Asiyetaka, alivute gari lake."

"Wateja watakimbia."

"Basi nifukuze sasa hivi, nikiwa sijaua injini ya mtu."

Ogweno alinyoosha mkono kuidai cheni iliyochakaa. Ndalahwa alimpita nayo, akampa Ayoo aliyekuwa bado anaingojea. "Kafunge kuku, shemeji. Wao hawana kosa."

Noah ilipotoka, mwanamume mwingine aliingia na mfuko mweusi. Ndalahwa alisimama pale pale, spana mkononi, akimtazama bosi wake bila kupepesa. Alexander akakohoa, akapokea mfuko.

"Karibu, bwana," alisema. "Ile ya zamani umekuja nayo?"