Tajiri na Chumba cha Mbele

Mtaani tulimwita Tajiri tangu enzi hizo hana hata mlango mmoja wa kupangisha. Alikuwa msusi, hodari kwelikweli, na mteja akishaketi tu kitini, kwisha habari yake: atasukwa huku akimiminiwa hesabu za nyumba, riba, na mkopo unaolipwa na wapangaji wenyewe. Mimi jirani yake nilizisikia hesabu hizo mpaka nikazikariri.

Lakini tuache utani, mwanamke alijipanga. Alijinyima nguo, akajinyima safari, akaweka akiba hadi benki wakakubali kumsikiliza. Akapata nyumba mbili zilizoungana, mali ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama, kwa bei nzuri. Kilichobaki ni dhamana, na dhamana pekee ilikuwa nyumba ya baba yake, waliyokuwa wakiishi wote wawili.

Mzee hakusitasita. "Chukua hati, mama. Mimi naenda nayo wapi?"

Huyo mzee alikuwa akitengeneza cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo tangu mkewe angali hai. Meza ya mbao, kopo la mafuta, droo za sindano na skrubu, sakafu nyeusi kwa grisi. Washonaji walileta mashine zao, wakapiga soga humo hadi jua linazama.

Basi afisa mikopo akamtahadharisha Tajiri: mthamini wa benki akikuta karakana sebuleni, bei ya nyumba itashuka na mkopo hautatosha. Hakungoja kuambiwa mara mbili. Kesho yake akaleta vibarua: meza nje, sakafu ikawekwa vigae, kuta zikapakwa rangi, likaingia kochi jipya.

"Ni kwa muda tu, baba. Mthamini akishapita, unarudi."

"Sawa, mama. Fanya unaloona linafaa."

Mthamini akaja, akapima, akasifu vigae, akaondoka. Mkopo ukatoka, nyumba zikanunuliwa. Lakini benki wakasema huenda wakarudi kukagua. Halafu wakaja wageni. Halafu, nani angeweka meza ya grisi juu ya vigae vile? Ikawa kesho, kesho kutwa. Meza ilinyeshewa uani mpaka mbao zikapinda. Mzee akawa anashinda kwenye kochi, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri mwenyeji. Washonaji walimsalimia dirishani, kisha wakapeleka mashine zao kwingine. Iliniuma, sifichi.

Tajiri si mtu mbaya. Aliyaona, na yalimkosesha raha. Mpangaji mmoja wa zile nyumba mbili alipohama, hakuweka mwingine. Akachongesha meza mpya, akanunua bisibisi seti nzima, akampeleka baba yake kwenye chumba hicho cha barabarani, chenye mwanga mzuri. Niliwasindikiza, nikabeba kopo la mafuta.

Mzee aliipapasa ile meza. Akafungua dirisha, akatazama wapita njia, akatabasamu. Kisha akamgeukia binti yake kwa adabu.

"Pazuri. Kwa mwezi unatoza kiasi gani, mama?"

Tajiri alicheka, akidhani anataniwa. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, anangoja atajiwe bei. Tajiri akakaa pale pale sakafuni, akalia.