Msimu wa Kutoamkia

Tulikuwa tumefungwa mechi tano mfululizo kocha mpya alipogundua ugonjwa wetu. Chuo chetu pale Lindi kilicheza ligi moja ya mpira wa kikapu na timu za watumishi, watu wazima, wengine wana vitambi, wengine wana watoto wa rika letu. Kabla ya kila mechi tulijipanga tukawaamkia mmoja mmoja. Marahaba, marahaba, marahaba. Sasa nani angemsukuma mzee aliyemwitikia dakika mbili zilizopita? Walipita katikati yetu kama wanaingia kwao, wanafunga, wanarudi.

Kocha alitoka Dar na hakuwa na masihara.

"Kuanzia leo hakuna shikamoo uwanjani," alisema. "Atakayeamkia anarudisha jezi."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mechi iliyofuata ningemkaba mwalimu wangu wa madrasa. Ndiye aliyenifundisha alifu kule Kitomanga, kabla hajapata kazi ya ofisini mjini. Sikuiogopa fimbo yake, hiyo tulishazoeana. Niliogopa kukosa radhi yake. Kwetu tuliamini kwamba mtu akikosa radhi ya mwalimu, elimu yake yote haimfai kitu. Na jezi nayo niliitaka, nisiseme uongo. Bila jezi ile hakuna aliyenijua pale chuoni.

Siku ya mechi mwalimu alinijia akitabasamu, mkono keshaunyoosha. Kocha alikuwa ananitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Nilibaki chini hadi nilipoona miguu yake inaondoka.

Hofu ilinifanya nicheze kama mwehu. Robo ya mwisho mwalimu aliruka chini ya goli, nami nikaruka, kiwiko changu kikampata mdomoni. Alianguka kwenye saruji. Nyuma yangu nilimsikia kocha akipiga makofi. Niliganda, sikuweza hata kumpa mkono ainuke.

Tulifungwa tena, kwa vikapu viwili. Filimbi ilipolia nilijikokota hadi kwenye benchi lao, maneno ya kuomba msamaha nimeshayapanga. Mwalimu alisimama, leso yenye damu mkononi, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shikamoo," akaniambia.

Kisha akabaki vilevile, anasubiri niitikie.