Paa la Sungura katika Nyumba ya Eda

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilikaa eda isiyokuwa yangu. Nasema hivyo hadi leo, na mama yangu hukasirika, kwa sababu eda ni ya mjane, na mimi nilikuwa mtoto wa shule ambaye hata kusuka nywele zake mwenyewe hajui. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia.

Babu alifariki Mbale, nyumbani kwake Nabuyonga. Sisi tulikuwa tunaishi Mafubira, Jinja. Baada ya maziko mama aliniacha nikae na Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, kwa kuwa mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na lazima awepo mtu wa kutumwa dukani na kufungua geti. Mama aliniahidi wiki mbili tu. Zilipokwisha akaja kunichukua. Viatu nilikuwa nimevaa tangu alfajiri, begi liko mlangoni. Haboba hakuinuka kwenye mkeka wake.

"Huyu haendi," alisema. "Aliyeingia eda na mjane hutoka naye. Akitangulia, marehemu humfuata njiani."

Mama, mwalimu wa watu, mwenye kuwacheka wanaoogopa bundi, alinitazama, akalitazama begi, akaanza kulia. Kisha akalirudisha begi chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama jioni ile, akiondoka bila mimi.

Basi nikahamishiwa shule ya jirani kwa muhula mmoja. Kengele ikilia, moja kwa moja ndani. Wenzangu wanaruka kamba, mimi napita. Nikichelewa kidogo tu namkuta Haboba amesimama nyuma ya pazia, midomo imemkauka, ananiuliza nilikuwa wapi. Redio imezimwa, vioo vimefunikwa, hakuna udi wala hina. Nilikuwa nikienda getini kuchungulia malori yanayoelekea Jinja, na kila lori nililiona kama limekataa kunichukua.

Jirani yetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtaa mzima ulimwita Afande. Kwa kuwa mwanamume asiye ndugu hamtazami mjane aliye edani, alizungumza nasi akiwa upande wake wa ukuta, na kwa heshima zaidi alitupa mgongo. Ukuta wenyewe ulikuwa mrefu kumpita, lakini mgongo lazima atupe.

"Wewe mtoto ya Jinja," aliniambia siku moja, "unalia kila siku, mpaka kuku yangu inakosa usingizi. Shika hii."

Boksi likapanda juu ya ukuta. Ndani mlikuwa na sungura wawili, mmoja mweupe, mwingine rangi ya majivu.

"Tengeneza nyumba yao," akasema. "Lakini mvua ya hapa inatoka mlimani, inakuja na upepo. Paa ikilala, maji inaingia."

Hapo ndipo nilipopata kazi, na wallahi ile kazi iliniokoa. Banda lenyewe nililiunga kwa vipande vya masanduku ya sabuni, na halikunisumbua sana. Paa ndilo lililonitoa jasho. Nilikuwa na kipande kimoja cha bati, na kipimapembe changu cha shule. Mara ya kwanza nililiinamisha bati kidogo tu, nyuzi kama kumi, kwa sababu lilikuwa linapendeza hivyo. Mvua ilipokuja, maji yalifika ukingoni, yakafikiri, yakarudi ndani. Mara ya pili nikarefusha nguzo za mbele ili literemke sawasawa. Nikagundua jambo ambalo mwalimu hajawahi kunifundisha: paa likisimama, bati linapungua. Kipande kilekile kilichofunika banda zima sasa kiliacha uwazi nyuma, na sungura wa majivu akakaa palepale penye uwazi, ananitazama.

Nilichora mchangani, nikafuta, nikachora tena. Haboba akichungulia huniuliza kama nasoma ramli. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, nilikuwa nalala usingizi.

Halafu nyuma ya jiko, chini ya gunia, nikakuta mbao nne safi ambazo hazijaguswa na mvua. Kila moja ilikuwa imekatwa mshazari upande mmoja, mkato mzuri wa fundi. Nikaziegemeza kwenye banda, ncha zile za mshazari zikakaa juu ya ukuta wa nyuma kana kwamba zimeagizwa. Sikuhitaji tena kipimapembe. Nikazipigilia misumari zikaziba ule uwazi wa nyuma, bati nikaliweka juu, na mlango nikaupachika mbele, chini ya ukingo wa mbao. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu. Hata tone halikuingia.

Haboba akatoka kutia udhu wa alasiri. Aliliona banda, akasimama. Maji ya birika yaliendelea kumwagika miguuni mwake na yeye hana habari.

"Mbao hizo umezitoa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Zilikuwa zimeshakatwa."

"Ndiyo. Alikatiwa babu yako."

Kwetu maiti hulazwa katika mwanandani, lile shimo dogo ubavuni mwa kaburi, kisha mbao huegemezwa kwa mshazari mbele yake ili udongo usimguse. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mimi sikuwahi kuziona. Haboba alikuwa amemwona Afande kupitia dirishani, asubuhi ya maziko, akizikata pale uani. Zikizidi hupelekwa msikitini zimsubiri mwingine. Katika pilikapilika za siku ile, za babu zilizidi, zikarudishwa nyumbani na zikasahauliwa.

"Ubao uliokatiwa mtu ukifunika kiumbe mwingine," Haboba alisema, "akiingia hatoki. Bomoa."

Nilimwambia nitabomoa kesho. Moyoni nilikuwa na hasira. Nyumba nzima ile, kitu pekee kilichokuwa changu ni lile paa, na hilo nalo anataka kunipokonya kwa hadithi zake.

Mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Nilipokwenda kuwalisha, mlango ulikataa. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga teke. Sasa ninapokumbuka najua kilichotokea: mbao zilikunywa maji zikavimba, ncha zake za mbele zikaukandamiza mlango. Kila seremala wa Budondo, kule Jinja, angekueleza hivyo bila kuweka patasi chini. Lakini asubuhi ile nilisikia kucha za sungura zikikwaruza kutoka ndani, na nikasikia maneno ya Haboba: akiingia hatoki. Nikamwita Haboba kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Alitoka na mchi wa kinu. Mwanamke aliyekuwa amekaa mkekani wiki zote zile bila kupandisha sauti, aliunyanyua mchi akapiga paa langu, akapiga tena. Misumari ikang'oka. "Mmeshachukua mmoja," akawa anaziambia mbao. "Mmoja hakuwatosha? Mmoja hakuwatosha?" Upande wa pili wa ukuta Afande aliuliza kama kuna mwizi, na hakuna aliyemjibu. Bati lilianguka, sungura wakaruka nje wakaenda kujificha chini ya mabua, wazima. Haboba akaketi kwenye tope na kanga zake, akamlilia mumewe. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya maziko. Nikaketi naye, sikujua la kufanya, nikamshika mguu.

Banda tulilijenga upya siku hiyohiyo, dogo kuliko la kwanza. Haboba alisema nyumba ya walio hai paa lake humwaga maji pande mbili. Tuliliweka bati juu ya gogo, yeye akakanyaga upande mmoja, mimi mwingine, mpaka likakunjika katikati. Lilikaa upande. Pembe ilikuwa nyuzi ngapi sijui, lakini maji hayakuingia.

Sasa nisidanganye kwamba baada ya hapo niliridhika. Niliogopa zaidi. Kama la mbao limekuwa kweli, basi na la marehemu kunifuata njiani ni kweli. Mama akipiga simu na kuniuliza kama nataka kuja kutembea hata siku moja, nilikuwa nasema sitaki. Nilikaa mpaka eda ikaisha, nikatoka getini nimeshika kanga ya Haboba.

Miaka mingi baadaye, shangazi yangu alifiwa na mumewe pale Mafubira. Nikawauliza wale wakubwa waliokuja kuhani, nani ataingia naye eda hadi mwisho. Wakatazamana. Mmoja, mkongwe kuliko wote, akasema hajasikia mila hiyo kwa Wanubi wala kwa Wasoga, wenyeji wa Jinja, na akaniuliza nimeitoa wapi.

Damu ilinichemka. Ijumaa iliyofuata nikapanda basi mpaka Mbale. Haboba alikuwa amezeeka, anaona kwa jicho moja, lakini alinitambua kwa hatua. Sikumpa hata nafasi ya kunikaribisha chai.

"Ile mila ya kuingia na mjane na kutoka naye, uliipata wapi?"

Alinigeuzia lile jicho lake linaloona.

"Kichwani mwangu," akasema. "Nilikuwa naogopa. Sijawahi kulala peke yangu katika nyumba, mwanangu. Nilitoka kwa mama yangu nikaingia kwa babu yako."

"Ungeniambia tu unaogopa. Ningekaa."

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, viatu umevaa tangu alfajiri. Ungekaa?"

Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote, na muhula mzima wa kumdai, na kumbe jibu lake nilikuwa nalijua.

"Hapana, Haboba. Ningeondoka."

"Haya," akasema, bila ubaya wowote. Akapapasa mkeka kando yake, akaniuliza kama nitalala au narudi Jinja na basi la jioni. Kesho yake nilikuwa na kazi ya watu inayonisubiri. Nikatoa simu, nikawaambia sitakuja.