Fundi Aliyekaribishwa Kahawa

Binti yangu alisomea kwenye meza yetu ya kulia, hapa Ibra, mji wa bara ya Omani. Pumu ilimtoa shule akiwa mdogo, na mimi nikaacha kazi ya ofisini nikawa mwalimu wake. Baba yake anafanya kazi Maskati, huja Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi. Wiki nzima nyumba ilikuwa ya watu wawili. Majirani ni watu wema, lakini tunazungumza nao Kiarabu. Kiswahili, kile nilichokipata kwa wazee wangu waliotoka Unguja, nilikuwa nacho na mtoto huyu tu.

Alipofika kumi na saba tuliambiana wazi kwamba chuo kikuu hakimo katika mipango. Vyeti hana, na hamu hana. Anachokipenda ni kufungua vitu vilivyoharibika.

Nikaanza kuangalia watu wanahitaji nini. Katika nyumba za jirani niliona mashine za kufulia zimefunikwa kitambaa, na wanawake wamechutama wanafua kwa mikono. Nilipouliza, jibu lilikuwa lilelile: fundi ni mwanamume, mume yuko Maskati, na mwanamume wa kando haingii nyumba isiyo na mwenyewe. Mume akirudi Alhamisi jioni, fundi keshafunga duka mpaka Jumapili.

Nina kaka Sur mwenye karakana ya mashine na mafriji. Binti yangu alikaa kwake kiangazi kizima, akarudi na mkoba wa vifaa na vidole vyenye grisi isiyotoka kwa sabuni. Soko la wanawake la Jumatano likatangaza habari zake kuliko tangazo lolote.

Nyumba ya kwanza tulikwenda pamoja. Leseni hajafikia umri wake, mimi ndiye dereva, na sikufikiria kumwacha mlangoni. Tukaingia, tukakaa mkekani. Ikaja sinia ya matunda, zikaja tende, halua, kisha kahawa. Binti yangu alikaa ubavuni kwangu, mgongo wima, mkoba kausukuma nyuma yake. Ndivyo nilivyomlea: hutaji haja yako kabla ya kahawa, na hunyanyuki mpaka mkubwa wako anyanyuke. Nikatikisa finjani yangu kuonesha nimetosheka, mwenye nyumba akaleta maswali ya ukoo. Adhuhuri ikaadhiniwa.

"Leo mmetufurahisha," akasema mwenye nyumba. "Mashine itangoja."

Nyumba ya pili binti yangu alifika mpaka kwenye mashine. Mwenye nyumba akampokonya bisibisi. "Aibu! Mgeni afanye kazi kwangu na mama yake amekaa?"

Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja wa Unguja, anayeishi na mtumishi wa kike tu.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Huyu ndiye fundi? Na hina hiyo kuchani? Mashine itaona haya kuvuliwa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikumbuki mara ya mwisho mtu mzima kunitania kwa Kiswahili. Bibi akauliza wazee wangu walikaa mtaa gani, nikamwambia, akapiga kofi pajani. Akanieleza nani alikuwa anauza mikate ya ufuta pale, na nani alikuwa hapatani na nani. Nikahisi kama mtu aliyekaa muda mrefu na viatu vinavyobana, halafu akavivua. Tukala chakula cha mchana. Tukaondoka alasiri.

Ndani ya gari, tulipofika mzunguko wa barabara kuu, binti yangu akaniuliza.

"Umefurahi, mama?"

"Sana, mwanangu."

"Nguo za bibi zimo ndani ya mashine, ndani ya maji, tangu juzi. Zinanuka. Nimezisikia harufu nilipokwenda kunawa mikono."

Nikapunguza mwendo.

"Ukiingia wewe," akaendelea, "mimi mtoto wa mgeni. Mtoto wa mgeni nani atampa kazi?"

"Sasa peke yako utaingiaje nyumba za watu?"

"Kwa mlango."

Alikuwa hafanyi mzaha. Miaka yote ile mezani nilimfundisha kuwa mgeni mwema. Hakuna nyumba ya watu aliyowahi kuingia bila mimi mbele yake, na ikiwa wanawake hawa watazoea kumpokea hivyo, fundi hatakuwapo. Atakuwako msichana wa watu mwenye mkoba.

Asubuhi yake nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya bibi, injini sikuizima. Binti yangu akateremka, akabonyeza kengele. Bibi akatokeza, akaniona.

"We! Unakaa garini kama dereva wa teksi? Teremka, nimetengeneza vileja!"

Nilitaka kuteremka. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Binti yangu hakugeuka kunitazama.

"Nina shughuli, bibi. Siku nyingine, inshallah."

Shughuli sikuwa nayo. Nikaendesha mpaka ukingo wa wadi, bonde la mto uliokauka, nikakaa humo garini. Wanaume wawili walikuwa wanapakia majani ya mbuzi kwenye pikapu. Nikatazama mpaka wakaondoka.

Simu ikaleta ujumbe wa sauti wa binti yangu, na nyuma yake mngurumo. "Mama, inazunguka. Maji yametoka yote. Usije bado, jirani wa bibi ananiita, na yeye yake imekufa." Kisha sauti ya bibi kwa mbali: "Mwambie mama yako fundi wake hataki kahawa, mkaidi huyu!"

Nikausikiliza ujumbe ule tena. Nikamjibu, "Sawa, mwanangu."

Nikarudi nyumbani. Mezani bado pana mikwaruzo ya bikari zake. Nikajimiminia kahawa, nikanywa, na kwa mazoea nikaitikisa finjani. Nikaishika hivyo kidogo, kisha nikanyanyuka kwenda kuiosha.