Nywila Moja kwa Kompyuta Saba

Mhandisi wa kompyuta wa hospitali yetu tulimwita Mama Mitambo. Ndiye aliyeweka nakala zilezile za kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta saba, katika zahanati saba. "Mdukuzi akiteka mbili," alikuwa akijigamba, "tano zilizobaki zitamkana, na kazi itaendelea."

Asubuhi moja muuguzi mkuu alilinganisha kadi ya mgonjwa na skrini kabla hajamtundikia damu. Kundi la damu halikufanana. Walipochunguza, wakakuta wadukuzi wameteka kompyuta tano, na zote tano zimekubaliana uongo mmoja.

Kwenye kikao mganga mkuu alimgeukia fundi wa zahanati ya mbali, ambako wadukuzi walianzia kuingia, mtu mpole. "Wewe ndiye uliyewafungulia mlango!" Fundi akaapa hajui lolote. Mama Mitambo aliinamia meza. Ni yeye aliyeweka nywila moja, neno la siri lilelile, kwenye kompyuta zote, ili asijisumbue. Akanyamaza, na fundi akasimamishwa kazi.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne Mama Mitambo alimweleza mganga mkuu ukweli, kisha akaenda nyumbani kwa fundi. Mlango ulifunguliwa na mke wa fundi.

"Nimekuja kuomba radhi, wifi."

"Radhi ya mlangoni?" mke akamjibu. "Ulimwacha achafuliwe mbele ya watu. Kamsafishe mbele ya watu."

Kesho yake Mama Mitambo alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akasema yote, sauti nyembamba kama uzi. Fundi alirudi kazini. Humwamkia Mama Mitambo kila siku kwa adabu, naye huitikia akiangalia sakafu.